Gari Linalala Wapi

Musinzira, Gitega
Jumanne, 10 Juni 2025

Mama Christina, mke wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa mumeo, dereva namba moja wa mji huu mzima. Jumapili gari letu limenifikisha kanisani kama bwana harusi. Nilizungusha ufunguo mara moja, nikavuta gia mpaka kwenye D, likaondoka bila hata kukohoa, likapanda kile kilima huku watu wameshika viuno wakinitazama. Hata katekista alitoka nje kushangaa.

Haya, nimedanganya. Usikunje barua, endelea kusoma.

Ukweli ni kwamba walinisukuma. Wanakwaya wanne, tena wale wa sauti nzito, na kanzu zao zote. Injini inawaka vizuri, haina neno. Lakini nikiweka gia, linanguruma pale pale kama mtu anayegombana na ukuta. Naongeza moto, linaongeza kelele. Unakaa, unakaa, unasali, unatukana, unaomba msamaha. Halafu lenyewe, likijisikia, linashtuka du! mgongoni, hilo linakwenda. Na likishakwenda limekwenda, mpaka jioni halina shida. Kesho yake asubuhi, na ubaridi huu wa Juni unaoujua, yale yale. Kila asubuhi mi nakaa ndani kama mfalme asiye na nchi.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu huipokei. Christina anasema simu yako imeharibika. Sawa. Yule mtoto hajui kusema uongo, kachukua kwako. Barua hii inaletwa na Manase, yule dereva wa Probox ya abiria anayepita Karuzi kuja huko Muyinga. Mpe majibu, nimeshamlipa kwa maneno mazuri.

Mjukuu anafanana na nani? Akiwa na masikio makubwa nitunzie, ni yangu. Mi nilikuruhusu uende kumwogesha mtoto na kumkorogea mzazi uji, lakini sasa nadhani huyo mtoto anaweza kushika sabuni mwenyewe. Nyumba imekuwa baridi. Hata kuku wananiangalia kama mgeni.

Ombi moja: habari za gari usimwambie mtu, na hasa hasa usimwambie yule Houssein mwenye gereji huko. Yule aliyekuwa fundi baiskeli kule Tanzania, Katumba, tulipokuwa vijana. Katika baiskeli zote za Katumba, ni yako peke yake iliyokuwa inapata pancha kila wiki. Mi niliishia darasa la nne, lakini hesabu ya pancha naiweza.

Mumeo,
Kasiano


Muyinga, kwa kaka Godfrey
Jumamosi, 14 Juni 2025

Baba Christina,

Barua yako nimeipata. Mtoto hajambo, masikio yake ni ya kawaida, tumshukuru Mungu. Christina amepata nguvu, anateka maji mwenyewe. Kwa hiyo nimetoka kwake. Tangu Jumatano niko hapa kwa kaka yangu Godfrey, na sanduku langu niko nalo. Nakuandikia jambo hilo mara moja, sitalirudia.

Habari za gari nimemwambia Houssein. Gereji yake inatazamana na nyumba ya Godfrey, ukikohoa huku anaitikia kule. Amesema yeye hapigi ramli, anataka majibu, tena ya kweli, kwa sababu gari la otomatiki halitibiwi kwa kukisia.

Anauliza linakataa saa ngapi. Anauliza linakataa kwenda mbele tu, au hata ukilirudisha nyuma. Anataka ujue kama asubuhi unapoliondoa kunabaki doa chini, jekundu, maana mafuta ya giaboksi ni mekundu, si meusi kama ya injini. Uchomoe kile kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, uone yamefika wapi, halafu unuse. Yakinuka kuungua, ni habari mbaya.

Anauliza tena gari linalala wapi, mahali pamenyooka au pana mteremko. Na nani hukaa kiti cha mbele, kwa sababu uzito wa mbele nao una mambo yake.

Mimi nina swali langu dogo. Umeandika kila asubuhi. Misa ni Jumapili. Hizo asubuhi nyingine gari linakwenda wapi?

Letisia


Musinzira, Gitega
Jumanne, 17 Juni 2025

Mama Christina,

Ahaa! Kumbe umehamia kwa Godfrey. Sasa nimeelewa. Kwa Christina kuna vyumba vitatu na godoro. Kwa Godfrey kuna mbuzi wanalala jikoni. Hakuna mtu na akili zake anayetoka kwenye godoro kwenda kwa mbuzi, isipokuwa ng'ambo ya barabara kuna kitu. Na ng'ambo ya barabara kuna nini? Umeandika mwenyewe! Mkikohoa mnaitikiana. Nakuomba umeze dawa ya kifua.

Niliposoma barua yako nilihesabu jina la Yesu, halimo. La Houssein limo. Barua nzima Houssein anauliza, Houssein anasema, Houssein anataka ninuse. Miaka yote niliyokaa na wewe hujawahi kuniuliza habari za giaboksi, leo unajua mafuta mekundu na mafuta meusi. Nani anakufundisha? Na mnakaa wapi mkifundishana, juu ya benchi au chini ya gari? Nijibu hilo kwanza.

Sasa majibu, upeleke mbio, usikae kunywa chai huko.

Hiyo kila asubuhi ilikuwa kalamu tu. Nilitaka kuandika kila Jumapili. Linakataa saa tatu, jua limeshatoka, wala si baridi sana. Linalala hapa hapa uani, penye usawa kabisa, karibu na jiwe lako la kufulia. Nimeinama kuangalia chini mpaka kiuno kikalia: hakuna doa, wala jekundu wala jeusi, ni kinyesi cha kuku tu. Mbele anakaa koti langu. Kurudi nyuma linakataa vile vile, hilo ni kweli.

Kijiti nimepima. Nimezima injini, nikasubiri ikapoa kabisa, nikachomoa nikafuta nikachovya, kama tulivyofanya kwenye lori la tumbaku kule Katumba. Mafuta yamejaa, tena yamepita alama. Kwa hiyo mafuta si tatizo. Mwambie huyo bwana wako wa baiskeli aache kutafuta kwenye mafuta.

Na kunusa nimenusa, lakini sikutambua kitu, kwa sababu gari zima linanuka ndagala.

Utarudi lini?

Mumeo mwenye hati ya ndoa,
Kasiano


Muyinga, kwa kaka Godfrey
Jumamosi, 21 Juni 2025

Baba Christina,

Nimempelekea Houssein majibu yako kama ulivyoyaandika. Alikuwa anakula, akaacha kula. Amesema kama gari linakataa saa tatu na jua limetoka, mahali pa usawa, bila mzigo, mafuta yamejaa na halivuji popote, basi ugonjwa si wa baridi tena. Sahani za ndani zimelika. Giaboksi imekwisha. Itolewe, iwekwe nyingine, na kwa gari la umri huo ni afadhali uliuze vipande vipande. Amekupa pole. Alivua kofia.

Sasa mimi.

Tangu nikujue husogelei ndagala. Nikizipika unakwenda kula kwa jirani. Tangu lini gari letu linanuka ndagala? Koti lako linavua samaki?

Nakukumbusha kwamba bado niko kwa Godfrey. Jana ameniuliza kama nitahitaji jembe. Nimemwambia angoje kwanza.

Letisia


Musinzira, Gitega
Jumanne, 24 Juni 2025

Kwa Bwana Houssein, fundi, Muyinga

Bwana,

Mi ni Kasiano, mume wa Letisia. Narudia: mume. Najua unanikumbuka. Kule Katumba ulikuwa kijana mwembamba mwenye pampu, ukipiga mluzi ukimwona mtu anasukuma baiskeli. Mi nilikuwa nakuangalia kutoka kwenye shamba la tumbaku na sikusema kitu kwa sababu nilikuwa bado natafuta maneno. Nilipoyapata nikamwoa. Kwa hiyo yaliyopita yamepita, lakini nakuona.

Ninasikia mke wangu anavuka barabara kila siku kuja gerejini kwako na maswali. Nataka ujue kwamba mwanamke akianza kujua sahani za giaboksi, mume wake halali. Kama una nia nyingine, sema kama mwanaume, nitakuja huko. Nina fimbo. Mguu mmoja unauma lakini mwingine mzima.

Bon. Hayo nimemaliza. Sasa nakuja kwa jambo lililonifanya nichukue kalamu, na nakuomba lisitoke kati yako na mimi.

Usiliue gari langu. Majibu yale hayakuwa ya kweli.

Linakataa saa kumi na moja alfajiri, siyo saa tatu. Baridi ya saa hiyo inauma meno. Na si Jumapili tu, ni kila siku ya soko. Halilali kwangu. Linalala Yoba, mtaa mwingine wa hapa Gitega, kwenye uwanja wa mama mmoja Mkongomani, anaitwa Providence, anauza ndagala zinazotoka ziwani. Jioni tunapakia magunia, linalala hapo na mzigo wake, mi narudi nyumbani kwa miguu kabla giza halijaingia, andika hilo, kabla ya giza. Alfajiri naenda kumchukua, tunashuka sokoni. Uwanja wake umeinama, pua ya gari inaangalia mbinguni. Na doa lipo. Jekundu, kubwa kama sahani, kila tukiondoka linabaki pale. Mwanzo nilidhani amechinja kuku.

Kijiti nilipima kweli, injini imezimwa, nilikuwa nimelileta kwangu siku ile. Hapo sikudanganya.

Utaniuliza kwa nini. Ananipatia mafuta, na wewe unajua petroli ilivyo adimu nchi hii, watu wanalala kwenye foleni na mablanketi yao. Hiyo ndiyo sababu ninayowaambia watu. Lakini wewe ni fundi, umesema unataka kweli, basi chukua yote. Providence anacheka. Mi nikisema kitu anacheka mpaka anashika dashibodi. Nyumbani vichekesho vyangu vimezeeka. Letisia anajua mwisho wake kabla sijafungua mdomo, anaumalizia yeye huku anachambua maharage. Si kosa lake, amevisikia tangu Katumba. Lakini mzee akipata mtu ambaye hajavisikia, anaweza kumbebea hata mawe. Ndivyo nilivyo mjinga. Hakuna jingine, sijamgusa hata kidole, na yeye ananiita babu, jambo ambalo silipendi.

Letisia akijua gari linalala kwa mwanamke, ndoa imekwisha, na giaboksi nayo imekwisha. Niokolee moja. Na wewe ukae mbali na hiyo nyingine.

Mwanaume kwa mwanaume,
Kasiano


Muyinga
Jumamosi, 28 Juni 2025

Mzee Kasiano,

Mi Houssein niko nasema, mwingine iko anaandika. Macho yangu iliharibika na moto ya kuchomelea vyuma, maandishi ndogo siyaoni tena. Barua zikija huwa nasomewa na mtu mwenye iko karibu. Barua yako ilifika saa ya mchana, na mtu mwenye alikuwa karibu, alikuja kuomba makaa, alikuwa madame yako. Nilimupatia asome. Alianza vizuri. Pale kwenye Yoba nilimuambia acha mama, inatosha, akasema hapana, tumalize. Alisoma yote kwa sauti. Wafanyakazi wote walizima mashini.

Unisamehe, mzee. Sikujua ni ya siri, siri iliandikwa katikati.

Sasa gari. Gari yako haikufa. Mtu akidanganya daktari anapewa dawa ya mugonjwa mwingine, ndiyo yenye ilikupata. Sikia vizuri. Buati, yenye nyinyi munaita giaboksi, iko na pampu ndani, inavuta mafuta inasukuma, presha ndiyo inashika gia. Mafuta ikipunguka, na baridi ya alfajiri imeikunja, na gari imelala pua juu, pampu inavuta hewa. Unaweka D, inalia tu. Ikipata moto mafuta inapanuka, inafika kwenye pampu, gia inashika. Ndiyo maana muchana iko muzima. Sahani ingekuwa imekwisha, ingeteleza na muchana, tena kwenye kilima.

Kupima ulipima kama lori. Hii haipimwi hivyo. Injini ikizima, mafuta yote inashuka chini, kijiti kinakudanganya imejaa. Tembeza gari mpaka ipate moto, simama pahali pa usawa, injini iko inazunguka, pitisha gia zote pole pole, rudisha kwenye P, ndiyo uchomoe. Utaona haifiki hata alama ya chini. Unuse tena, lakini kwanza toa samaki. Ikiwa haina harufu ya kuungua, ongeza ile nyekundu kidogo kidogo mpaka kwenye alama, usipitishe, na ya injini usitie hata tone. Halafu pakingi ya chini, ile yenye inaziba mafuta, ibadilishwe, ndiko inavujia. Mpaka ibadilishwe, usipeleke gari mbali.

Ingine. Mi niko na wanawake wawili, wote wanapiga kelele, sina nafasi ya watatu. Baiskeli ya Letisia ilikuwa na tairi ya zamani. Ndiyo hiyo tu.

Na ya mwisho, nasema kama ndugu. Maswali yangu yalikuwa ya saa, ya kurudi nyuma, ya doa, ya kijiti na ya kunusa. Gari inalala wapi na nani anakaa mbele, mi sikuuliza. Hakuna fundi anauliza hivyo. Huku mtaani kwetu mutoto mudogo anajua: mwanamke akitoka kwa binti yake akaenda kwa kaka yake na sanduku, iko anangojea mume aje kumuchukua na pombe, asimame mbele ya ndugu aseme kosa. Siku zote hizo wewe uko unaniandikia habari ya pancha.

Houssein

Baba Christina, aliyeandika haya yote ni mimi. Alitaka kumwita Manase, nikasema mkono wangu ni mzuri zaidi.

Nilijua kabla hujaandika barua ya kwanza. Jeska, jirani yetu, alikuwa amempigia Christina: gari lenu linalala Yoba, mama yuko wapi? Christina akaniambia, nikafunga simu yangu, na siku ile ile nikamwambia Godfrey aniandalie mahali. Nikasema nitamuuliza taratibu, labda atasema mwenyewe. Kumbe ukweli wako ulikuwa unaweza kumwambia fundi, mimi huwezi. Hilo ndilo limenichoma kuliko ndagala.

Nilikuwa nimeshajipanga kulia. Lakini ile ya kuku aliyechinjwa sikuijua mwisho wake. Niliinamia karatasi, Houssein akadhani nimekwama kwenye neno. Nilikuwa najizuia kucheka. Mbele ya wafanyakazi wote, Kasiano! Halafu nikafika pale unaposema amevisikia tangu Katumba, nikakwama kweli.

Jumamosi ijayo Godfrey ananikatia kipande cha shamba, kule chini bondeni. Jembe nimeshapewa. Nikilishika sitarudi Gitega kuwa mgeni wa kuku wangu. Simu yangu ni nzima, lakini usipige. Hili halisemwi kwenye simu.

Letisia


Muyinga, penye magari
Ijumaa, 4 Julai 2025

Mama Christina,

Usishtuke kuona karatasi ya sigara, ndiyo niliyoipata. Nimefika. Niko hapa magari yanaposimama, nimekalia kreti. Manase anakuletea hii mbele, mi nitaifuata taratibu, maana katikati kuna kilima na mguu wangu unakijua.

Kwanza gari. Nililileta nyumbani siku ile ile barua ilipofika. Nimepima kama bwana Houssein alivyosema, injini inazunguka, gia zote nimepitisha, P, nikachomoa kijiti. Kikavu, sha! Chini kabisa kilikuwa na unyevu kidogo kama ulimi wa mgonjwa. Harufu ya kuungua hakuna. Nimeongeza ile nyekundu. Kesho yake alfajiri nikaamka makusudi, baridi imeshika, nikaweka D. Likasogea. Nilikuwa peke yangu uani, nikawaambia kuku.

Sasa liko karibu na jiwe lako la kufulia na sinia chini yake. Ndiyo, sinia lako la ugali. Tutaongea.

Sikuja nalo. Houssein amekataza mbali, lakini hata angeruhusu, nisingekuja nalo. Mi najua watu wa Muyinga. Ningesimamisha gari bovu pale kwenu, wangesema mzee amekuja kwa fundi, na mke amemkuta hapo hapo. Nimepanda Probox kama watu wote, watu wanne nyuma na mbuzi mmoja mguuni, na urwarwa wangu, pombe ya ndizi, magotini kutoka Gitega mpaka hapa. Kila kona nilikuwa naikumbatia kama mtoto. Abiria mmoja aliniuliza, mzee, unakwenda posa? Nikamwambia ndiyo, ya mara ya pili, mwanamke ni yule yule.

Providence nimemwambia. Siku ya soko nilikwenda Yoba kwa miguu, nikamwambia mama, gari limerudi kwao. Alicheka. Mi sikucheka. Akasema atatafuta mwenye pikapu, na kwamba alikuwa anajiuliza kwa nini bibi haonekani. Anakusalimia, anasema uje, atakupa ndagala. Nimemkatalia kwa niaba yako, lakini ukizitaka utakwenda mwenyewe.

Na wivu wangu juu ya Houssein umekwisha? Hapana. Umepungua kama yale mafuta, bado kidogo kiko chini. Wanawake wawili wanaopiga kelele, halafu jirani anakuja kuomba makaa na anasoma barua kwa sauti nzuri! Mi ningekuwa yeye ningeharibu macho zaidi. Kwa hiyo nitapita upande wa pili wa barabara, nitamsalimia kwa mkono, sitasimama.

Umesema nimemwambia ukweli fundi na wewe sikukuambia. Nimelifikiria hilo njia nzima, mbuzi ni shahidi. Yeye nilimwambia kwa sababu hata angekasirika, ningelala. Wewe ukikasirika silali. Sikuwa na sababu nyingine. Nikifika nitalisema mbele ya kaka yako na mkewe na watoto watakaochungulia, na sitatia kichekesho. Nitajaribu. Kikitoka chenyewe, mnisamehe.

Sasa kuna jambo moja dogo. Kwa Godfrey najua mnavyofanya: mume aliyekosa anasimama uwanjani mpaka maneno yaishe, na maneno ya kwenu hayaishi upesi. Lakini mwaka ule mkewe alipomkimbia akaja kulia kwetu Musinzira, Godfrey alikuja na pombe yake, jua kali, na wewe ulisema asimame. Mi nilimtolea kiti kabla kesi haijaanza. Mlinigombeza, nikavumilia. Alikaa, alishukuru, alisema Kasiano, siku moja nitakulipa.

Basi mwambie siku yenyewe ni leo. Anitolee kiti. Kile kirefu chenye mgongo, siyo kigoda. Na kama haimsumbui, akiweke upande ule ninaouona mlango wa jikoni, maana najua utasikilizia pale.

Kasiano